Nundu ya muti: takataka ya mpasuaji, mali ya fundi

Tangu miaka mingi, malori ya mbao yanavuka mpaka kupitia Kasindi, Mahagi na Aru. Mbao inatoka Kongo mbichi. Uganda na Kenya ndiko inapigwa randa na kugeuka meza na milango. Faida kubwa inabaki kwa yule mwenye kufanya kazi ya mwisho. Hilo wakaaji wa Beni na Ituri wanalijua. Lakini kuna kipande kimoja ambacho hata lori halikibebe, na ambacho kwingine duniani kinaweza kuuzwa bei kuliko ubao wenyewe.

Kipande hicho ni nundu: ule uvimbe unaoota kwenye shina ao karibu na mizizi, mara nyingi kisha muti kujeruhiwa ao kushambuliwa na wadudu. Ndani yake nyuzi za mbao hazinyooke. Zinazunguka, zinajikunja, na zinaacha madoa kama macho, fasi ya machipukizi ambayo hayakutoka. Mpasuaji anaiacha porini sababu haitoe ubao. Mwenye kuchoma makala naye haipendi, shoka inagonga na kurudi. Mwisho inaoza, ao inatupwa mu tanuru.

Fundi wa kukereza anaona kingine. Anafunga kipande kwenye mashine yenye kukizungusha, anashika chuma chenye makali, na bakuli linatoka. Mapambo hayachongwi; yako tayari ndani ya muti. Mu Ulaya na Marekani, watu wananunua bakuli za namna hii kwa kupamba nyumba, na hakuna mbili zenye kufanana.

Je, kazi hii inaweza kushika mizizi huku? Mikono haikosekane: watu wenye kutengeneza chukudu inayobeba mizigo mizito wanajua mbao. Kinachokosekana kwanza ni umeme wa kudumu. Fasi ambako umeme wa maji umefika, kama ule wa Mutwanga (2013) na Matebe (2015), mashine inaweza kuzunguka. Kwenye jenereta, mafuta inakula faida.

Pili ni uvumilivu. Bakuli linakerezwa kwanza likiwa bichi na kuachwa nene: la upana wa sentimita 30 linabaki na unene wa karibu sentimita 3. Linapakwa nta, linakauka kivulini miezi mingi, ndipo linarudi kwenye mashine. Mwenye haraka atapata nyufa. Mafuta ya kumalizia ni ya kitani. Ya mawese haikauke na kisha inanuka. Na vumbi ya mbao inaumiza mapafu, basi barakoa si pambo.

Tatu ni njia ya kufikia mnunuzi. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 wakati M23 iliingia mu mji, na kila barieri barabarani inaomba yake. Hapo bakuli linashinda ubao: lori nzima ya mbao inalipa njiani kote, lakini bakuli kumi zinaingia mu mfuko mmoja.

Kuna hatari moja kubwa. Nundu ikikatwa kwenye muti mzima, inaacha kidonda ambacho kinaweza kuuua. Mu California, mwaka 2014, hifadhi ya miti mikubwa ya redwood ilifunga barabara usiku sababu wezi walikuwa wanakuja na misumeno kukata nundu. Mu Virunga ao mu hifadhi ya Okapi, ambako walinzi tayari wanafukuzana na wachoma makala, soko kama hilo bila sheria litaleta msiba mwingine. Tena, tangu 2023, mbao ya akajuu ya Afrika na ya jamii ya mukula haivuke mpaka bila ruhusa ya mkataba wa CITES.

Kwa hiyo mwanzo wa usalama hauko porini. Uko mu mashamba ya mikaratusi ya Lubero na Butembo, iliyopandwa na watu wenyewe, ambako visiki na nundu zinabaki kila mara kisha kukata. Huko mwenye shamba anajulikana, na muti umekwisha kuanguka. Mashine moja mu karakana ya useremala, vijana wawili watatu wenye kufundishwa, na kile kilichokuwa kinaingia mu tanuru kinaanza kulipa masomo ya watoto. Mbao itaendelea kuvuka Kasindi. Swali ni kama siku moja itavuka ikiwa imekwisha kupita mu mikono ya fundi wa hapa.