Elimu ya Uwanjani Isizikwe na Daluga

Mchezaji wa mpira huitwa mzee akiwa bado kijana. Mwalimu wa miaka 35 ndiyo kwanza ameizoea kazi yake, na mtumishi wa serikali wa umri huo bado ana miaka 25 kabla ya kustaafu kwa lazima. Mchezaji wa umri huo hutundika daluga. Swali linalolihusu taifa, wala si yeye peke yake, ni hili: elimu aliyoichuma uwanjani kwa miaka mingi iende wapi?

Ally Mayay Tembele ni mfano unaostahili kuangaliwa. Aliichezea Yanga na akawa nahodha wake. Aliichezea pia Taifa Stars. Alipoacha kucheza aliketi mbele ya kamera akawa mchambuzi wa soka katika televisheni, na vijana ambao hawakupata kumwona uwanjani wakamjua kwa uchambuzi wake. Mwaka 2017 aligombea urais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu, TFF, katika uchaguzi ambao Wallace Karia alishinda. Baadaye serikali ilimkabidhi kazi ya Mkurugenzi wa Maendeleo ya Michezo. Uwanja, televisheni, kisha ofisi ya umma: hiyo ni safari ya mtu ambaye elimu yake haikuachwa ioze.

Kizazi kilichotangulia hakikuwa na njia hiyo. Mwaka 1979 bao la Peter Tino mjini Ndola, dhidi ya Zambia, liliipeleka Tanzania katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Huko Lagos mwaka 1980 Taifa Stars ilifungwa na Nigeria na Misri, ikatoka sare na Ivory Coast, na mabao mawili kati ya matatu ya Tanzania yalifungwa na Thuwein Ally. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara iliingojea hadi mwaka 1994. Watangazaji wa Redio Tanzania walikuwa mafundi wa maneno, na wananchi waliuona mpira kwa masikio. Hata hivyo mtangazaji hueleza kilichotokea. Aliyecheza ndiye awezaye kueleza kwa nini kimetokea. Taifa Stars ilirudi katika fainali hizo mwaka 2019, baada ya miaka 39. Hakuna atakayedai kwamba ukosefu wa wachambuzi ndio ulioleta kungoja huko. Lakini ni hasara isiyofichika kwamba vijana wengi walikua bila kuelezwa na mashujaa wa Lagos walichojifunza huko.

Wenzetu wa Uingereza walitambua jambo hili mapema, hata katika mchezo wa snuka, unaochezwa mezani kwa fimbo na mipira ya rangi. Mwaka 1985 Dennis Taylor alimshinda Steve Davis kwa 18 kwa 17 katika fainali ya ubingwa wa dunia. Mshindi alipatikana kwa mpira mweusi wa mwisho, saa sita ya usiku ikiwa imekwisha kupita, na watu wapatao milioni 18.5 wakitazama. Taylor baadaye akawa mtangazaji wa mchezo huo katika BBC kwa miaka mingi. Mtazamaji wa kawaida huona mpira umeingia shimoni akapiga makofi. Bingwa wa zamani humwonyesha kwamba kazi kubwa zaidi ilikuwa kuusimamisha mpira mweupe mahali pafaapo kwa pigo linalofuata.

Maelezo ya namna hiyo yana thamani kubwa zaidi Bariadi kuliko Dar es Salaam. Kijana wa jiji kubwa anaweza kuvuka barabara akawaona makocha wa klabu wakifundisha. Katika vijiji vya Maswa, Meatu, Itilima na Busega, mara nyingi mwalimu wa michezo ni mwalimu wa somo jingine aliyekabidhiwa filimbi na mpira mmoja. Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya kipo jirani, wilayani Kwimba, lakini chuo kimoja hakiwezi kumfikia kila mwalimu. Kwa vijana wengi wa Simiyu, kibanda cha kuonyeshea mpira, ambacho watu hukiita kibanda umiza, ndicho darasa lao la soka.

Je, darasa hilo linafundisha nini? Mara nyingi kipindi huanza na malumbano ya Simba na Yanga, hupitia uvumi wa usajili, na huishia kwa lawama juu ya mwamuzi. Wako wasemao kwamba watazamaji wanataka utani. Utani ni chumvi, na chumvi si mboga. Mwaka 2021 Azam na TFF zilitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 wa kuonyesha Ligi Kuu. Picha iliyonunuliwa kwa fedha nyingi kiasi hicho haina budi kufuatana na maneno yenye uzito.

Hapana budi basi vituo vya televisheni viwatake wachezaji wa zamani wajiandae kama mwalimu aandaavyo somo: wajifunze sheria za mchezo, wachague Kiswahili safi, na waweke kando jezi walizozivaa zamani. Walimu nao wasiviachie vibanda kazi yote. Jambo moja lililoelezwa vizuri jioni, kama vile namna beki anavyosimama mpira unapokuwa mbali naye, linaweza kufanyiwa mazoezi kesho yake katika uwanja wa shule.

Daluga zikitundikwa, zitundikwe peke yake. Elimu iliyopatikana ndani ya daluga hizo ilitokana na jasho la mchezaji na makofi ya wananchi, na wananchi wana haki ya kurudishiwa.