Mafunzo Yaanzie kwa Mwenza wa Chumba

"Matroni, amekuja geto mwenyewe, saa nne usiku. Chipsi mayai zangu amekula, kitandani kwangu amelala. Sasa hapo nimuulize nini tena?"

Tulikuwa tunazungumza kuhusu ridhaa. Aliyeuliza ni kijana wa mwaka wa pili, na ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Niliwaacha wacheke mpaka wakaishiwa. Kisha nikamwambia kwamba chipsi mayai ni elfu mbili na mia tano, na kwa hela hiyo alichonunua ni chipsi mayai tu. Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Hapo mwenzake aliyekaa nyuma akauliza kwa sauti ya chini swali ambalo kwangu lilikuwa zito zaidi: "Na akinyamaza? Mbona kwetu binti akiulizwa mume akanyamaza, inahesabika ameridhia?"

Sikuliona kuwa la kijinga. Mtoto amelelewa hivyo. Nilimjibu kuwa yule binti anaulizwa mchana, mbele ya walii wake, watu wazima wakisikia, na anachoulizwa ni ndoa. Hajafungiwa mlango na mtu mwenye nguvu kumzidi. Mtu aliyeshikwa na hofu mwili unaweza kukakamaa, sauti isitoke. Ukiona mwenzako amekuwa gogo, simama. Uliza kwa mdomo, usubiri jibu la mdomo, na jibu likibadilika katikati ya safari, hilo la mwisho ndilo jibu.

Mimi ni matroni wa hosteli ya chuo hapa Dar es Salaam, na vijana hawa nawapenda, wakiwamo wanaoniudhi. Ninachokiona ni kwamba hawajawahi kufundishwa. Wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo wanazungushwa maktaba, zahanati, mambo ya mkopo, kisha panakuwa na saa moja ya "maadili". Mgeni rasmi anasimama, anawaambia wasichana wajiheshimu na wavae vizuri. Wavulana wako nyuma wanachaji simu, maana hawajatajwa popote. Nimewapokea wasichana waliofanyiwa ukatili wakiwa wamevaa baibui na wengine wakiwa wamevaa kaptura. Mavazi hayakuwasaidia wale wala hayakuwaponza hawa.

Badala ya hotuba ya sketi, wasomewe kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kosa la kubaka na kilichopata sura yake ya sasa kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Kinasema wazi kuwa ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, kwa vitisho au kwa kumtia mtu hofu ya kuumizwa si ridhaa. Kinasema pia, na hapa ndipo wavulana huacha kuchezea simu, kwamba majeraha ya kuonyesha mtu alipambana si lazima ili kuthibitisha kuwa hakuridhia. Adhabu ya kosa hilo haipungui miaka 30 na inaweza kufika kifungo cha maisha. Kijana wa miaka ishirini anapaswa kuyajua haya kabla hajaagiza hizo chipsi.

Lakini anayenihangaisha zaidi ni mwenza wa chumba wa aliyebakwa. Msichana akirudi alfajiri amefanyiwa jambo hilo, haendi polisi, haendi kwa mshauri wa wanafunzi, na kwangu haji. Anakwenda kwa anayelala kitanda cha juu. Huyo ndiye polisi wa kwanza, daktari wa kwanza na hakimu wa kwanza, na umri wake ni miaka kumi na tisa. Kwa huruma zake zote anafanya mambo mawili: anamuuliza "Sasa ulifuata nini kule?", halafu anampa ndoo akaoge.

Lile swali linamfunga mdomo, pengine kwa miaka. Ile ndoo inaondoka na ushahidi. Kwa hiyo mwenzake wa chumba ajifunze kusema, "Nakuamini, wewe huna kosa," kisha anyamaze asikilize. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha ya kaki, si mfuko wa nailoni unaotunza unyevu. Waende hospitali mapema, ikiwezekana asubuhi hiyo hiyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72 na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mwisho wake ni saa 120. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini dawa ndiyo inayokimbizana na saa. Pale penye kituo cha mkono kwa mkono, kama Hospitali ya Amana, mambo ya daktari, polisi na ustawi wa jamii yanashughulikiwa mahali pamoja, na msichana halazimiki kusimulia upya kila mlango. Na kama ameshaoga, aende vilevile. Asije akaambiwa amechelewa akakaa chumbani.

Kushtaki au kutoshtaki aamue mwenyewe. Usimpigie mama yake Sumbawanga kabla hujamuuliza. Usimwambie mpenzi wake. Usiandike kwenye grupu.

Nasema grupu kwa sababu Mlimani kuna historia. Mwaka 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kunyanyaswa na kundi lililojiita Mzee Punch, waliokuwa wakibandika ukutani michoro na matusi ya kumdhalilisha mtu bila kuweka jina la mwandishi. Ukipita pale ukasoma, ukacheka, ukaenda zako darasani, nawe ulikuwa umechangia. Wanaharakati, chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kikiwa mstari wa mbele, walipiga kelele miaka kadhaa mpaka sheria ya 1998 ikapatikana. Sasa Punch hahitaji ukuta wala gundi. Picha ya msichana inasambaa darasa zima kabla ya kipindi cha saa mbili.

Kuhusu wahadhiri wanaouza maksi kwa ngono sina mengi, hilo limesemwa. Vicensia Shule, mhadhiri wa Mlimani, alilisema hadharani Novemba 2018, maktaba mpya ya Mlimani ilipozinduliwa, akimwelekezea Rais Magufuli mwenyewe. Kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007 kipo, na TAKUKURU wapo. Ila tusimfanye mhadhiri kuwa kichaka. Wengi wanaofika kwangu wanamtaja mtu wa darasa lao, au mpenzi wao.

Kuna kizuizi kingine cha kuripoti ambacho wakubwa hawakioni kwa kuwa hawalali hosteli. Geti letu linafungwa saa nne. Anayechelewa anaandikwa, na akiandikwa sana anapoteza chumba. Sasa msichana amerudi saa kumi alfajiri, amefanyiwa unyama: ili aripoti, kwanza akiri kosa la geti. Wapo pia wanaobebwa, wale waliokosa chumba wakalala kwa marafiki zao kinyemela, wawili kitanda kimoja cha futi tatu. Aliyebebwa hayumo kwenye daftari. Akija kwangu analia, amejitoa mwenyewe hosteli, na aliyembeba naye anatolewa. Kwa hiyo wote wawili wananyamaza, na mhalifu anakwenda kunywa chai kantini.

Sheria ya geti na ya kubebana ziendelee, sizipingi. Ila iandikwe, isainiwe na kubandikwa nyuma ya kila mlango wa chumba: anayekuja kuripoti ukatili wa kingono, yeye na anayemsindikiza, hawaulizwi saa waliyoingia, kitanda walicholala wala kama walikunywa. Mlinzi wa geti aielewe kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliye macho saa hizo. Hilo halihitaji mfadhili wala mtaalamu kutoka nje, ni karatasi moja na muhuri.

Wenzangu wananiambia nawafundisha watoto wa watu ngono. Ngono wanaijua, simu zao zinawafundisha usiku kucha, na zinafundisha vibaya. Wanachokosa ni mtu mzima wa kumjibu yule kijana wa nyuma bila kumzomea. Nimeomba nipewe asubuhi moja katika wiki ya kwanza, wavulana peke yao, wasichana peke yao, halafu wote pamoja wakiwa na viongozi wao wa madarasa. Nimejibiwa kuwa ratiba imejaa. Nilipoiangalia nikakuta asubuhi nzima ya Jumatano wamepewa watu wa benki kuwafungulia akaunti za bumu, hela zao za mkopo. Hao wa benki wanaweza kuweka meza nje, chini ya mwembe, foleni ikaenda huku sisi tukiwa ukumbini.