Meza ya Mbele Ilivyoniponza

Mwezi huu sitaki kuongelea wivu, simu wala mawifi. Kila siku naandika ya wengine, leo acha nijianike mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2016, harusi ya rafiki yangu niliyefanya naye kazi, na mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa kamati. Kama umewahi kushika cheo hicho hapa Dar es Salaam utanielewa. Miezi minne ya vikao kila Jumapili jioni kwenye baa moja pale Sinza, kufukuzana na watu walioahidi laki wakatoa elfu ishirini, kubembelezana na mwenye ukumbi, mpambaji, mpishi na MC. Nilichoka, lakini si unajua tena... kuitwa "Mwenyekiti!" kila unapotokea mlangoni kuna raha yake. Nikashona na suti mpya. Kichwani nilishajiona nimekaa meza ya mbele kabisa, ile inayotazamana na maharusi, kamera inanimulika.

Siku ikafika. Tukaingia ukumbini mimi na mke wangu, kijana wa mapokezi akaangalia karatasi yake, akatuongoza. Tukaipita meza ya mbele. Tukazipita meza za wazazi. Tukazipita za wafanyakazi wenzetu. Tukafika meza ya mwisho, jirani na mlango wa jikoni, ambako kila mhudumu akipita na sinia inabidi uinamishe kichwa. Kwenye kiti nilichokiota kwa miezi minne alikaa bosi mmoja aliyetoa mchango mnono dakika za mwisho.

Nilinuna. Sikula. MC alipouliza mwenyekiti yuko wapi asimame tumwone, niliinuka nusu nikakaa. Kabla keki haijakatwa nikamwambia mke wangu, "Twende zetu."

Njiani kurudi Kimara nilikuwa naongea peke yangu. "Miezi minne! Yaani miezi minne halafu wananiweka jikoni?" Mwenzangu kimya. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Tulipofika ndani akajitupa kwenye kochi, akavua viatu, na miguu ilikuwa imevimba kiasi kwamba kamba za viatu zimechora alama kwenye ngozi. Ndipo akaniangalia na kusema taratibu:

"Mume wangu, leo nimesimama tangu alfajiri. Nimewapikia wageni waliolala kwetu, nimekunyooshea suti, nimesimama kanisani, nimesimama kwenye picha. Wewe unalia kwa ajili ya kiti. Hujaniuliza hata mara moja kama mimi nimekaa."

Kisha akaongeza kwamba anafikiria kwenda kujifungulia kwa mama yake, Moshi, na kwamba hajui atarudi lini. Hakufoka. Wanaume wenzangu, nadhani tuko pamoja hapa: mwanamke akifoka bado yupo. Akianza kuongea kwa upole wa namna ile, jua ameshaanza kufungasha.

UGONJWA WA VITI NI WA ZAMANI

Mimi ni mtu wa kanisani kabisa. Jumapili napokea wageni mlangoni, nawavutia viti akina mama, naitwa kijana mnyenyekevu. Usiku ule usingizi uligoma, nikafungua Injili ya Luka, sura ya 14. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi, lakini safari hii ilinipata.

Yesu amealikwa chakula nyumbani kwa mkubwa mmoja wa Mafarisayo. Anawaangalia wageni wanavyojichagulia viti vya heshima, halafu anawapa mfano. Mfano wa nini? Wa harusi! Anawaambia ukialikwa harusini usikimbilie kiti cha mbele, maana anaweza kuja mkubwa kuliko wewe, mwenye shughuli akakuinua mbele za watu, ukaenda nyuma umeinamisha uso. Yaani kama alikuwepo Sinza! Mistari michache mbele anamgeukia mwenye nyumba mwenyewe, anamwambia akiandaa karamu awaalike maskini, viwete na vipofu, watu wasio na uwezo wa kumrudishia. Sisi kadi zetu tunaziandikia kinyume chake. Anayeweza kutoa ndiye anayekaa mbele.

Usidhani wanafunzi wake walikuwa na nafuu. Katika Marko sura ya 10, Yakobo na Yohana wanamwomba viti viwili, mmoja kulia na mwingine kushoto kwake, katika utukufu wake. Wale kumi waliobaki wakakasirika. Zamani nilidhani walikasirika kwa sababu ya unyenyekevu wao. Siku hizi nadhani walikasirika kwa kuwa wamewahiwa! Maana Luka anasema hata mezani, usiku wa karamu ya mwisho, walikuwa bado wanabishana nani mkubwa.

BESENI NA TAULO

Usiku huo huo, anavyosimulia Yohana sura ya 13, Yesu akainuka mezani, akavua vazi la nje, akajifunga taulo, akamimina maji kwenye beseni na kuanza kuwaosha miguu. Tukumbuke zile zilikuwa njia za vumbi na watu wa makubazi. Kuosha miguu ya wageni ilikuwa kazi ya mtumwa, tena siyo kazi ya kugombania. Petro alikataa katakata mwanzoni. Na Yuda alikuwa bado hajatoka, kwa hiyo naye alioshwa.

Ndiyo maana mwaka 2013 watu wengi waliguswa pale Papa Fransisko, wiki chache tu baada ya kuchaguliwa, alipokwenda Alhamisi Kuu kwenye gereza la vijana la Casal del Marmo mjini Roma, akapiga magoti na kuosha miguu ya wafungwa 12, wakiwemo wasichana na Waislamu. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 82 na miguu yenyewe inasumbua, alijiinamisha mpaka sakafuni kuibusu miguu ya viongozi wa Sudan Kusini, akiwasihi wadumishe amani. Marehemu Papa yule alikuwa na kiti cha mbele kuliko viti vyote vya Kanisa lake. Alijua kukishuka.

Sisi je? Hebu tuwe wakweli. Hata neno "mtumishi" tumeligeuza cheo. Mtumishi akipita watu wanasimama, mtumishi ana kiti chake chenye kitambaa, ukimwita kwa jina lake tupu unaonekana huna adabu. Serikalini ni hivyo hivyo. Enzi za Mwalimu Nyerere viongozi walikuwa wanaitana Ndugu, na mwenyewe alipoachia urais mwaka 1985 alirudi Butiama akalima. Leo ukimwita diwani Ndugu badala ya Mheshimiwa, shauri yako. Wakati huo huo yule anayetumika kweli, anayefua, anayepiga deki na kubeba mtoto mgongoni, hakuna anayemwita mtumishi. Anaitwa "we dada, njoo hapa".

"ACHA MAIGIZO, MUME WANGU"

Basi asubuhi yake nikaamka nimejaa Roho. Nikapasha maji yakawa vuguvugu, nikamimina kwenye beseni, nikajitupia taulo begani, nikapiga magoti mbele ya mke wangu. Nilitegemea machozi ya furaha.

Akacheka! Tena kicheko cha uchungu.

"Acha maigizo, mume wangu. Hayo maji unajua yametoka wapi? Nimeyakinga mimi saa kumi usiku. Kama unataka kuniosha miguu, kesho kutwa amka wewe."

Msomaji wangu, nilikuwa sijui. Mtaani kwetu miaka ile maji yalikuwa ya mgao, yanatoka usiku wa manane siku mbili tatu kwa wiki, na bomba lilikuwa nje. Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba alikuwa anaamka gizani, anapanga madumu, anabeba ndoo moja moja mpaka ndani, halafu anarudi kulala pembeni yangu mimi mpokea wageni wa kanisa, nakoroma. Asubuhi naoga na kuondoka, suti safi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini pipa halikauki.

Nikaanza kuamka. Siku ya kwanza mama mmoja jirani alinikuta bombani akashangaa, "Shemeji, umelishwa limbwata nini?" Wanaume wa mtaani nao wakasema nimewekwa kiganjani. Ilinichoma, nakiri. Lakini kilichonichoma zaidi kilikuja wiki ya pili. Kwenye kikao chetu cha wanaume kanisani tuliulizwa nani ana ushuhuda, nikasimama nikasimulia jinsi ninavyochota maji usiku kwa ajili ya mke wangu. Nilipigiwa makofi! Mtu akapeleka habari nyumbani kabla yangu. Nilipoingia tu, mwenzangu akaniuliza:

"Kwa hiyo sasa hata maji yana meza ya mbele?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehama kutoka kiti kimoja kwenda kingine. Harusini nilitaka nionekane mkubwa, na kanisani nikataka nionekane mnyenyekevu. Kiu ni ile ile, glasi tu ndiyo imebadilika. Na hili ndilo ninalotaka ubaki nalo mwezi huu: huduma inayohitaji watazamaji ni kutafuta cheo kwa mlango wa nyuma. Kipimo ni nyumbani, saa kumi usiku, pasipo maikrofoni, kwa mtu ambaye hawezi kukupandisha daraja kazini.

UNYENYEKEVU SI KUONEWA

Hapa naomba nisieleweke vibaya, hasa na dada zangu. Kuna wanaolitumia neno unyenyekevu kama fimbo. Mke ndiye kila siku anaambiwa ajishushe, avumilie matusi na hata kipigo, mume yeye yuko juu tu. Huko siko kunyenyekea, ni kuonewa, na mtu anayepigwa anatakiwa kutafuta msaada, siyo kuambiwa anyamaze. Yohana anasema Yesu alishika taulo akijua kabisa ametoka wapi na amepewa nini mkononi. Alishuka kwa hiari yake. Unyenyekevu wa kweli haupangiwi mtu mwingine, unajipangia mwenyewe. Ukijikuta unamhubiria mwenzako unyenyekevu mara nyingi, angalia, pengine zamu ni yako.

Wala sisemi kazini usiombe kupandishwa cheo. Cheo siyo dhambi. Ukikipata, waangalie walio chini yako kama wamekaa.

MAMBO MATATU YA KUJARIBU

Kwanza, mtafute yule "anayekinga maji" nyumbani kwako. Kila nyumba ina kazi isiyoonekana mpaka siku isipofanyika: kuamka na mtoto, kukumbuka ada, kumpigia simu mama mkwe, kununua gesi kabla haijakata. Muulize mwenzako ya kwake ni ipi. Halafu ichukue, kimya kimya.

Pili, kama mna dada wa kazi, angalia analala saa ngapi, anakula saa ngapi na anakula nini. Mshahara wake ulipwe kwa tarehe, kama unavyotaka wako. Huwezi kuimba kwaya Jumapili huku mtu wa ndani kwako anakula ukoko.

Tatu, chagua jema moja mwezi huu ambalo hutamsimulia mtu yeyote. Usilipige picha, usiliweke kwenye grupu la WhatsApp. Utashangaa linavyowasha mdomoni! Hapo ndipo utajua ulikuwa unamtumikia nani.

Mwenzangu alikwenda Moshi kujifungua, kama alivyosema. Nilibaki peke yangu Kimara na mgao ule ule, hakuna jirani wa kunitania wala kikao cha kunipigia makofi. Kuna usiku nilitamani kuacha, nyumba yenyewe ya mtu mmoja, ndoo mbili zinatosha. Nikaendelea kujaza yote, sijui hata nilikuwa namjazia nani.

Alirudi mtoto akiwa na miezi mitatu. Nilimpokea stendi ya Ubungo jioni, tukafika nyumbani, akasimama mlangoni amembeba binti yetu. Hakuniuliza hali. Aliuliza, "Madumu yamejaa?"

Yalikuwa yamejaa. Akaingia ndani, akakaa.

Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa. Na ukialikwa harusini katikati hapo, meza ya karibu na jikoni nayo siyo mbaya. Chakula kinafika cha moto.