Kiharusi Kimoja, Maradhi Mawili: Wito kwa Wanaistilahi

Jamaa wa mgonjwa akiulizwa na majirani, "Amepatwa na nini?", hujibu kwa neno moja: kiharusi. Jibu hilo ni sahihi, lakini limeyafunika maradhi mawili kwa shuka moja.

Ndani kabisa ya ubongo, penye thalamasi na viini jirani, damu hupitia vijishipa vyembamba mno. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa kwa miaka mingi huvidhuru. Kijishipa huweza kuzibika, sehemu ndogo ya ubongo ikafa kwa kukosa damu. Aidha, huweza kupasuka, damu ikavuja na kuugandamiza ubongo.

Hali zote mbili huanza ghafla. Aliyezibika kijishipa aghalabu hulegea uso, mkono na mguu wa upande mmoja, au hufa ganzi upande huo, ilhali fahamu zake ni timamu. Aliyevuja damu huelekea zaidi kuumwa na kichwa, kutapika na kupoteza fahamu, na huenda akazorota dakika baada ya dakika. Hata hivyo, mvujo mdogo huweza kujivika sura ya mzibo. Kwa hivyo hakimu ni picha ya CT, wala si macho ya daktari pekee.

Tofauti hii ni ya kufa na kupona. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hupewa wagonjwa wanaofaa kabla ya saa 4 na nusu kupita tangu dalili zianze. Dawa iyo hiyo yaweza kumwangamiza aliyevuja damu. Hata aspirini itolewayo nyumbani kwa nia njema, kabla ya picha kupigwa, ni hatari.

Wapo watakaodai kwamba daktari ajuapo tofauti hiyo yatosha. Sikubaliani nao. Anayempa mgonjwa aspirini nyumbani si daktari, na anayeombwa idhini mgonjwa akiwa hajifahamu ni jamaa yake. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Urasmi huo una faida gani ikiwa jamaa huyo haelezwi kwa Kiswahili anachokubali?

Neno "kupooza" nalo halitufai, kwani hutaja tokeo badala ya chanzo, na si kila mwenye kiharusi hupooza. Napendekeza istilahi mbili: kiharusi cha mzibo na kiharusi cha mvujo. Zimenyambuliwa kutokana na vitenzi "ziba" na "vuja", kama "mchezo" ulivyotokana na "cheza". Hata asiyesoma udaktari atazielewa mara azisikiapo.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Madaktari na wauguzi wameachiwa ufa wa shinikizo la damu. Ufa wa istilahi ni wetu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, tuuzibe.