Tundu la hewa si mlango wa mwizi

"Papa fundi, pale juu unifungie kabisa. Mkono wa mwizi usipite."

Maneno hayo nimeambiwa karibu katika kila nyumba niliyoishika siku hizi, kuanzia Katoyi mpaka Ndosho, hapa Goma. Mwenye nyumba husimama chini ya paa, ananionyesha kwa kidole ule uwazi wa shubiri moja kati ya ubao wa mwisho wa ukuta na manjanja, yaani mabati, kisha anangoja niutie misumari. Simlaumu. Tangu Januari 2025, vita ilipoingia mjini na benki zikafunga milango, pesa ya familia inalala chini ya godoro, na usiku wa Goma umekuwa mrefu. Lakini na mimi nina neno langu, na nataka lisikiwe na wengi kuliko wale wanaonilipa: uwazi ule ndio pua ya nyumba. Usiuzibe.

Mimi ni seremala. Nilianza kujenga nyumba za mbao mwaka 2002, mwaka ambao volkano ya Nyiragongo ilishuka mjini. Tarehe 17 Januari moto ulipita katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukalila kanisa kuu, ukaacha maelfu ya watu bila pa kulala. Walirudi mawe yakiwa bado na joto, wakataka nyumba upesi. Jiwe lile jeusi halichimbiki msingi kwa jembe wala kwa pesa ya maskini, kwa hiyo tulipanga mawe, tukasimamisha nguzo juu yake, tukapigilia mbao za mikaratusi. Nyumba ya namna hiyo ni nyepesi. Ukihama unaifungua ubao kwa ubao, unaipakia kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukumwa. Mei 2021, volkano ilipolipuka tena na ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, niliona kuta za matofali zikipasuka kutoka dirishani hadi sakafuni, lakini nyumba za mbao ziliyumba tu, zikatulia. Kwa hiyo sina ugomvi na nyumba ya mbao. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyoiziba.

Watu wa pwani wakisikia Kongo hufikiri ni joto tupu. Goma iko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua ikinyesha jioni, upepo wa ziwani ukiingia kati ya mbao, mtoto analala amejikunja kama ngumi. Hapo ndipo mama anapoinua mbabula yake, yaani jiko la makaa, aliyopikia maharagi nje, makala yakiwa mekundu, anaiingiza ndani. Moshi umekwisha, anasema, sasa imebaki joto peke yake.

Dada yangu mdogo alifanya hivyo, mwezi wa nne, miaka kadhaa iliyopita. Nyumba nilikuwa nimemjengea mwenyewe kule Majengo. Aliniomba nimzibie juu kwa ajili ya wezi, nami nikaziba: mabao mawili, misumari ya inchi tatu, kazi safi. Usiku ule walilala wanne. Katikati ya usiku mtoto wake wa miaka saba alianza kutapika. Mama yake alisikia, akataka kusimama, miguu ikamkatalia. Alitambaa. Anasema mlango ulikuwa hatua nne kutoka kitandani, na hizo hatua nne ndizo safari ndefu kuliko zote alizowahi kwenda. Alipofungua, alianguka nusu ndani, nusu nje, na jirani aliyetoka kujisaidia akamwona. Majirani waliwaburuta wote hadi kwenye mvua. Wako hai. Asubuhi mtaa mzima ulisema ni karuho, mtu amewawekea sumu katika maharagi, na kuna bibi mmoja wa watu ambaye kwa wiki nzima hakusalimiwa. Muuguzi ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: mbabula ilikuwa wapi?

Nilirudi pale na nyundo, nikang'oa mabao yangu yale mawili.

Kitu chenyewe kinafahamika vizuri. Makala yanapoungua penye hewa haba hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ndiyo maana makala mekundu yasiyo na moshi ni hatari kuliko kuni mbichi: kuni zinakufukuza mwenyewe kwa kukohoa, makala yanakubembeleza ulale. Ukivuta gesi hiyo inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, basi damu inazunguka mwilini mikono mitupu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi unakuvuta. Wakiumwa kichwa watu wawili watatu katika chumba kimoja kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, usitafute mchawi. Watoe wote nje kwanza, hata kama kunanyesha, kisha wapelekwe hospitali. Maziwa hayasaidii kitu.

Kuna wanaonijibu: fundi, nyumba ya mbao ina nyufa kila mahali, hewa itakosekana vipi? Swali zuri, na linahitaji mtu aangalie ukuta kwa karibu. Mkaratusi unakuja sokoni ukiwa umepasuliwa juzi, bado unatoa maji ukiupiga msumari. Tunaupigilia hivyo hivyo kwa sababu mteja hana pa kulala. Baada ya miezi mitatu umekauka, umejikunja, na kati ya ubao na ubao kidole kinapita. Baridi inaingilia hapo, sawasawa na kimo cha kitanda. Basi mwenye nyumba anabandika maboksi, magazeti, mifuko ya simenti, halafu anatandaza hema la plastiki ukuta mzima kwa ndani. Nimeingia katika vyumba vya mita tatu kwa tatu ambavyo ukifunga mlango ni kama umeingia ndani ya debe. Nyufa unazoniambia hazipo tena, ndugu yangu. Ulizifunga mwenyewe, kisha ukaniita nifunge na ile nafasi ya mwisho.

Ninachoshauri ni hiki: ziba chini, acha juu. Ukiweza kungoja, nunua mbao mapema, uzipange kwa vijiti katikati, uzifunike mvua, uziache zikauke wiki kadhaa kabla ya kuzipigilia. Usipoweza, pigilia sasa, kisha nirudi baada ya miezi michache nikufunikie kila kiungo kwa kipande chembamba cha ubao. Ni kazi ya siku mbili na bei yake haifiki ya magunia machache ya makala. Baridi inayoumiza mtu aliyelala hupita kwenye nyufa za kimo cha kitanda, na hizo ukizifunga umeshapata nusu ya joto uliyokuwa unaitafuta kwenye mbabula. Nusu ya pili iko kwenye plafo, yaani dari. Chumba kisicho na plafo kinapasha joto manjanja, na manjanja yanapasha joto mbingu.

Lakini hapo kuna mtego ambao mafundi wengi wanauingia. Ukiweka plafo, ule uwazi wa chini ya paa unabaki juu yake, unapitisha hewa darini ambako hakuna mtu anayelala. Chumba kimeshafungwa tena. Kwa hiyo mimi nikipigilia plafo naacha matundu mawili ya mraba, shubiri kwa shubiri, kwenye kuta mbili zinazotazamana, chini kidogo ya plafo, ili hewa iingie huku itokee kule. Tundu moja peke yake halitoshi; hewa nayo inataka mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Na kuhusu mwizi: nondo mbili zilizopigiliwa wima katikati ya tundu la shubiri moja, na waya wa mbu kwa ndani. Hakuna mwizi anayepita hapo. Anayepita na bunduki hahitaji tundu, atagonga mlango.

Kuna jambo jingine ambalo limewafanya watu wengi wazibe juu kwa kosa. Alfajiri wanaona matone yanadondoka kutoka kwenye manjanja, wanasema paa linavuja, wananiita. Napanda, sioni tundu. Yale si maji ya mvua, ni pumzi. Watu watano wamelala, wamehema usiku kucha, mvuke umepanda ukakuta bati la baridi ukageuka maji, kama kifuniko cha sufuria. Ukiziba zaidi, matone yanaongezeka, godoro linaota ukungu, watoto wanakohoa. Dawa yake ni ile ile, kuruhusu mvuke utoke.

Mpaka hapa nimezungumzia hewa tunayoitengeneza wenyewe. Goma ina nyingine, inayotoka chini. Wazee wetu waliiita mazuku, na neno hilo limeingia katika vitabu vya wataalamu wa volkano dunia nzima kama lilivyo, kwa sababu hakuna waliolijua jambo hili kuliko watu wa hapa. Ni kaboni dioksidi inayopanda kwenye mipasuko ya ardhi. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inatuama kwenye mabonde kama maji, hasa usiku na asubuhi upepo ukiwa umelala. Inapatikana upande wa magharibi wa mji, Himbi, Keshero, Bulengo, Mugunga, mpaka karibu na Sake. Mtu mzima anapita wima, anaona kawaida; mtoto anayecheza pembeni yake, au mbuzi aliyeinamisha kichwa, anaanguka.

Ukitaka kununua parseli, yaani kiwanja, upande huo, usiende saa sita mchana na muuzaji, jua likiwa kali na upepo ukivuma. Waulize majirani wazee, wawili au watatu, kila mmoja peke yake. Tazama kwenye mashimo: majani yaliyokauka kwa duara wakati wa mvua, mjusi aliyekufa, panzi waliolala chali. Usishuke shimoni kuchungulia, na usidanganyike na mchezo wa kushusha taa ili uone kama itazimika. Taa ikizimika, gesi imeshapita kiwango cha kuua, na mwenye kuishika yuko juu yake. Wataalamu wa OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano cha hapa Goma, wanapima mambo haya. Waendee kabla ya kulipa.

Na wewe fundi mwenzangu, mtu akikuonyesha bonde la mazuku akakwambia tuinue sakafu kidogo, kataa kazi hiyo. Sakafu ya kuinuliwa, iliyoachwa wazi chini ili upepo upite, ni nzuri pembezoni. Ndani ya bonde lenyewe haitoshi, maana gesi hupanda hata kupita kichwa cha mtu. Nimewahi kukataa nyumba moja Keshero. Mwenye parseli alitaka pia choo kichimbwe pale pale penye ufa. Alinikasirikia. Nilihitaji sana pesa ile, lakini nisingeweza kulala.

Hasira yangu iko kwa wanaokata ardhi na kuiuza. Wanajua. Kila mtu wa mtaa anajua bonde gani linaua mbuzi. Hata hivyo parseli inapimwa, inapigwa muhuri, inauzwa kwa mkimbizi wa kutoka Masisi au Rutshuru ambaye hajawahi kulisikia neno mazuku, na karatasi yake haisemi chochote. Miaka ile wakimbizi walipojaa Bulengo na Lac Vert, mahema yalisimamishwa chini kabisa, juu ya jiwe, watoto wakilala sakafuni katika eneo hilo hilo. Nadai kitu kimoja: kila karatasi ya parseli kuanzia Himbi kwenda Sake iandikwe wazi kama pana mazuku au hapana, na chifu wa avenii aweke sahihi yake chini ya neno hilo.

Volkano hiyo hiyo inaharibu pia vifaa vya chuma vya nyumba, navyo nitavigusa upesi. Moshi wa Nyiragongo unaifanya mvua yetu kuwa na asidi, na asidi inakula manjanja, misumari, bawaba na mifereji, hasa upande upepo unakopeleka moshi, kama Rusayo. Bati jembamba la bei rahisi utalibadilisha mapema. Nunua manene kidogo hata kama ni machache, paka rangi, na kwenye kila msumari wa paa weka kipande cha mpira wa tairi. Maji ya mwanzo ya mvua usiyaingize kwenye pipa la kunywa. Yanaosha paa na yanabeba floridi inayoharibu meno ya watoto.

Nirudi kwenye mbabula. Wapo waliohamia umeme wa Matebe, ule wa kutoka Rutshuru uliowashwa 2015, wakaiacha mbabula nje ya uzio. Nawapongeza. Ila vita ikikata nyaya, hata wao hurudi kwenye makala usiku huo huo, na tundu lazima liwe limeshakuwapo ukutani.

Wiki hii niko Ndosho, nyumba ya vyumba viwili ya mama mmoja mjane. Aliniambia yale yale, papa fundi unifungie pale juu. Nilimwomba akae kwenye kigoda, nikamsimulia habari ya dada yangu, na ya yale mabao mawili. Alinyamaza, akauliza nondo nne ni bei gani. Nikamwambia, mama, nondo nitaleta mimi. Jana jioni nilizipigilia, akapanda kwenye kigoda, akapitisha mkono wake kujaribu. Uliishia kwenye viungo vya vidole.