Kupunguza uzito ni nusu ya safari

Msomaji, bila shaka umeyaona matangazo ya chai, vidonge na mikanda inayoahidi kukutoa kilo 10 ndani ya wiki mbili. Hakuna linalokuambia utakuwa na kilo ngapi baada ya miaka mitatu. Uliza hilo kabla hujatoa fedha yako.

Wengi hupungua, kisha uzito hurudi, nasi tunawaita wazembe. Kwa maoni yangu tunawaonea, kwa sababu mwili wenyewe hupigania uzito wake wa zamani. Nchini Marekani, Kevin Hall na wenzake waliwapima washiriki 14 wa shindano la televisheni la The Biggest Loser, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Miaka sita baada ya shindano, 13 kati yao walikuwa wameongezeka tena, na miili yao ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ya mafuta inatosha, nayo hushuka mtu anapokonda, hivyo njaa huzidi.

Wapo wanaofaulu. Tangu mwaka 1994, rejista moja ya Marekani inafuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Njia zao za kupungua zilitofautiana, lakini mazoea yao ya baadaye yanafanana: wengi hufanya mazoezi kama saa moja kwa siku, hasa kutembea, hujipima angalau mara moja kwa wiki, hunywa chai ya asubuhi na chakula kila siku, na hawakai sana mbele ya televisheni.

Hapa kwetu kuna kikwazo kingine ambacho vitabu vya lishe havikitaji: midomo yetu. Mtu akipungua kilo tano, anaulizwa, "Mbona umekonda, unaumwa?" Wengine wananong'ona kuhusu Ukimwi au ndoa iliyoyumba. Ukweni akikataa chapati ya tatu, anaambiwa anaringa. Si wengi wanaoweza kuhimili hayo kwa miaka.

Kwa hiyo, kama ndiyo unaanza, chagua mabadiliko utakayoweza kuishi nayo hata ukiwa na miaka 60. Punguza donge la ugali, ongeza mboga, acha soda ya kila siku, na safari fupi ya bodaboda igeuze kuwa ya miguu. Mwenye kilo 90 akipungua kilo tano tu na kubaki hapo, shinikizo la damu na sukari vinaweza kupata nafuu. Kama unatumia dawa za kisukari au presha, zungumza kwanza na daktari wako.

Na wewe usiye na tatizo la uzito, umwonapo jirani amepungua, mwulize habari za nyumbani. Za kilo mwachie mwenyewe.