Ndege ya kufundishia ambayo pia hubeba mabomu

KIJANA wa Webuye au Kitale anayetamani kuwa rubani wa kijeshi hakabidhiwi ndege ya kivita siku ya kwanza. Huanzia ndege ndogo, mwalimu akiwa karibu naye. Kinachosahaulika ni kwamba ndege ya kufundishia huweza kugeuzwa silaha, na Kenya, ambayo Jeshi lake la Anga liliundwa Juni 1, 1964, inalijua jambo hilo kuliko wengi.

Strikemaster ndiyo mfano bora. Asili yake ni Provost, ndege ya rafadha iliyopaa mara ya kwanza mwaka 1950 ili kuwanoa marubani wa Uingereza. Wahandisi waliibadilishia injini, wakaiwekea ya jeti, na Jet Provost ikaruka Juni 1954. Matoleo yakafuatana: T.3, kisha T.4 yenye nguvu zaidi, halafu T.5 ambayo chumba cha marubani kilidhibitiwa shinikizo la hewa.

Oktoba 1967 ikazaliwa Strikemaster. Viti vilibaki viwili, bega kwa bega, kama darasani. Lakini sasa palikuwa na bunduki mbili za rashasha, na chini ya mabawa mabomu na roketi. Julai 1972, waasi walipouvamia mji wa Mirbat katika vita vya Dhofar, Oman iliwatuma marubani wa Strikemaster kuwashambulia, ingawa mawingu yalikuwa yametanda chini mno.

Kenya ilinunua sita. Baadaye Botswana ilizichukua zilizosalia.

Kwa wanagenzi kulikuwa na Bulldog, ambazo Kenya ilipata 14, na baadaye Hawk 12 za jeti. Kisha ikaja Tucano, ndege iliyobuniwa Brazil na kuundwa upya mjini Belfast kwa injini yenye nguvu zaidi. Hapa ndipo penye kiini cha suala. Tucano za Uingereza zilikuwa za kufundishia tu. Zile 12 za Kenya, sawa na za Kuwait, zilitengenezwa ziweze kubeba silaha.

Kwa nchi yenye hazina ndogo, huo ni uamuzi wa busara. Hata hivyo, neno "mafunzo" huficha mengi. Wabunge wanapoletewa bajeti ya ulinzi, hawana budi kuuliza ndege hiyo itabeba nini chini ya mabawa, na dhidi ya nani.